Mpira Umelala, Kichwa Kimezama

Kwa miaka mingi wacheza gofu wameambiana "kichwa chini". Ushauri huo umewaharibia wengi mkwaju kabla hata fimbo haijasogea.

Saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi. Umande bado umeshika majani ya uwanja wa mazoezi, na kunguru wa Dar es Salaam wameshaanza kugombana juu ya mikungu. Bwana mmoja mwenye kofia nyeupe anachomeka kijiti cha tii, anaweka mpira, anarudi nyuma hatua mbili kuutazama mti anaoulenga, kisha anasogea na kusimama. Anajikunja. Kidevu kinagusa kifua. Anabaki hivyo kitambo, kama mtu aliyeangusha sindano kwenye zulia, halafu anapiga.

Mpira hauruki. Unatambaa juu ya majani hatua kama ishirini, unachoka, unasimama. Wenzake watatu walioketi kwenye benchi wanaitikia kwa pamoja, utadhani walikubaliana tangu jana: "Umeinua kichwa!"

Bwana yule anakubali kosa. Anaweka mpira wa pili, na safari hii anajikunja zaidi.

Pembeni yangu ameketi mzee ambaye makedi wote humwita Babu. Amebeba mifuko ya watu tangu ujana wake. Magoti yalipokataa kazi hiyo, akabaki hapa kuwafundisha watoto, na wazee kama mimi tulioanza kwa kuchelewa. Naye humwita kila mtu bosi, hata mtoto wa darasa la nne.

"Bosi," ananiambia kwa sauti ya chini ili bwana yule asisikie, "yule hakuinua kichwa. Kichwa chake kilikuwa kimezama. Sasa kikizama, mwili ufanye nini? Lazima uibuke."

Nimeutafakari usemi huo kwa miezi kadhaa, nikausoma pembeni ya vitabu vya mabingwa, na kila nilipogeuka niliuona umesimama palepale.

Upana wa kidole gumba

Mpira wa miguu unakujia, wa tenisi unakukimbiza, wa gofu umelala unakungoja. Hakuna beki wala kipa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika wakati ambapo mtazamaji anaona kwamba hakuna kinachotokea: pale mchezaji anapoukabili mpira, anapoweka miguu, anapoinama na kuamua kichwa chake kikae wapi. Kanuni zilizoanza kutumika Januari 2019 zilimkataza hata kedi kusimama makusudi nyuma ya mchezaji, kwenye mstari wa shabaha, mchezaji anapoanza kujipanga. Hapo ni wewe na mwili wako.

Nafasi ya kukosea nayo ni finyu. Kanuni zinataka kipenyo cha mpira kisipungue milimita 42.67. Nusu yake ni milimita 21 na ushei, yaani karibu upana wa kidole gumba cha mtu mzima. Kiwiliwili kikiinuka kwa kiasi hicho tu, chuma kinaukwangua mpira utosini na mpira unatambaa. Kikishuka kwa kiasi hicho, chuma kinachimba udongo kwanza na mpira unaanguka njiani. Fimbo namba 7 ina urefu wa karibu sentimita 94, na swingi nzima, tangu fimbo inapoanza kurudi nyuma hadi inapougonga mpira, huchukua sekunde moja na kidogo. Chuma na mpira vyenyewe hugusana kwa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ndani ya muda huo hakuna binadamu anayeweza kujirekebisha. Ulivyosimama ndivyo utakavyopiga.

Wale wa kwenye benchi hawasemi uongo, maana kichwa cha bwana yule kweli kilipanda. Kosa lao ni kuona moshi wakauita moto. Kilichoinuka ni mwili mzima, na uliinuka kwa sababu ulikuwa umenyimwa njia.

Msomaji, jaribu hapo ulipokaa. Bandika kidevu kifuani, kisha geuza mabega kuelekea kulia bila kunyanyua makalio. Utafika mahali na kukwama. Sasa nyanyua kidevu, acha nafasi ya ngumi moja kati yake na kifua, ugeuke tena. Bila shaka umekwenda mbali zaidi.

Sababu iko katika uti wa mgongo. Shingo ina pingili 7, kifua pingili 12, kiuno 5. Mtu anapogeuza kiwiliwili, kazi kubwa hufanywa na zile 12 za kifua, kwa kuwa za kiuno hugeuka kidogo mno. Shingo ikiinama sana huivuta sehemu ya juu ya mgongo nayo ijikunje, na mgongo uliojikunja ni mgumu kuuzungusha. Halafu kuna bega la kushoto. Kwa anayetumia mkono wa kulia, bega hilo linatakiwa kupita chini ya kidevu fimbo inaporudi nyuma. Likikuta kidevu kimeziba mlango, ama litakisukuma kichwa kando, ama litasimama na kuiachia mikono peke yake kazi ya kunyanyua fimbo. Wakati wa kushuka, mwili unaotafuta nafasi hunyooka, nyonga zikasogea kuelekea mpira, mikono ikajikunja, na chuma kikapanda. Kidole gumba kimoja, basi.

Ndiyo maana bwana mwenye kofia nyeupe, kadiri anavyotii ushauri wa wenzake, ndivyo anavyozidi kuuhitaji.

Nywele za mtoto wa Columbus

Ushauri huu haukuota hewani. Una asili yake, tena asili yenye heshima. Mwaka 1950, katika klabu ya Scioto mjini Columbus, jimbo la Ohio, mwalimu aliyeitwa Jack Grout alianza kufundisha watoto. Miongoni mwao alikuwa kijana wa miaka 10, Jack Nicklaus. Grout aliamini kwamba kichwa ndicho kitovu cha swingi, na kitovu kikihama gurudumu zima linayumba. Kijana alikuwa hasikii kwa maneno. Basi msaidizi wa mwalimu akawa anasimama mbele yake, ananyoosha mkono na kumshika nywele huku akipiga. Kichwa kikisogea, nywele zinavutwa. Nicklaus mwenyewe amesimulia kwamba alitoka machozi. Lakini alijifunza, na kati ya mwaka 1962 na 1986 alitwaa mataji makubwa 18, la mwisho likiwa Masters, akiwa na umri wa miaka 46.

Kisa hiki kimesimuliwa duniani kote, na njiani kikaharibika. Watu walisikia "kichwa kisisogee" wakaelewa "kichwa kiende chini". Anayekushika nywele utosini hakuinamishi. Ukizama anakuvuta, ukiibuka unauhisi mkono wake. Grout alitaka utulivu, hakutaka kidevu kifuani.

Ushahidi uko kwenye picha za Nicklaus mwenyewe. Kabla tu ya kurudisha fimbo nyuma alikuwa na tabia isiyobadilika: anakigeuza kidevu kidogo upande wa kulia. Kitendo hicho kilikuwa ishara ya kuanza, kama dereva anayegusa honi kabla ya kutoka, na wakati huohuo kilikuwa kinafungua mlango. Kidevu kikikaa kando kidogo, bega la kushoto linapita bila kugongana na mtu.

Tena hata utulivu una kiasi chake. Annika Sörenstam wa Sweden, mwenye mataji makubwa 10, alikuwa na mtindo ambao ungewaua kwa mshtuko wale wa kwenye benchi. Kabla chuma hakijagusa mpira, uso wake ulikuwa umeshaanza kugeuka pamoja na kifua kuelekea shabaha. David Duval wa Marekani alifanya vivyo hivyo. Mwaka 1999 Duval alimaliza raundi ya mwisho ya mashindano ya Bob Hope huko California kwa mikwaju 59 tu. Mwaka 2001 Sörenstam akapiga 59 mjini Phoenix, mwanamke wa kwanza kufika hapo katika ligi ya LPGA. Watu wawili walioyatoa macho kwenye mpira mapema, na wote wawili wana 59.

Siwaambii wanaoanza wawaige. Ninachosema ni kwamba kichwa cha Sörenstam kiligeuka, hakikupanda. Kilizunguka juu ya mhimili uleule aliouweka tangu aliposimama. Kugeuka na kuibuka ni mambo mawili, na anayeyachanganya atamlaumu mtu kwa kosa asilolifanya.

Pa kukunjia ni nyonga

"Mwambie mtu ainame," Babu huniambia, "utajua kwao wapi." Ana maana kwamba watu huinama kwa namna mbili. Mwangalie mama anayepandikiza mpunga kule Kilombero au Mwea. Magoti yamelegea kidogo, mgongo umelala kama ubao, na panapokunjika ni kwenye nyonga. Anaweza kufanya hivyo asubuhi nzima. Sasa mwangalie karani aliyeshinda kwenye kiti akiokota kalamu. Nyonga hazijui habari. Panapokunjika ni katikati ya mgongo, na kichwa kinatangulia kama cha kobe.

Mtoto wa madrasa anayefundishwa rukuu huambiwa mapema kabisa kwamba mgongo unyooke, kichwa kisiinuliwe wala kisiteremshwe, kilingane na mgongo. Sifananishi ibada na mchezo. Nasema tu kwamba watu wengi wa kwetu, wa jembe na wa msala, umbo hilo wanalo mwilini kabla hawajaona fimbo ya gofu. Wakifika uwanjani wanaambiwa "kichwa chini", wanalipoteza.

Ben Hogan, bingwa wa zamani wa Marekani, alilieleza jambo hilo kwa mfano wa kwao. Katika *Five Lessons*, mafundisho yaliyoanza kama makala tano katika jarida la Sports Illustrated na kuwa kitabu mwaka 1957, aliutaka mwili wa chini ukae nusu, kama mtazamaji anayejiegemeza kwenye kile kigoda cha fimbo wanachobeba watu kwenda nacho viwanjani. Makalio yanashuka inchi chache nyuma, mgongo wa juu unabaki umenyooka. Hogan alikuwa na haki ya kuzungumzia nyonga. Februari 1949 gari lake liligongwa na basi, akavunjika mfupa wa nyonga, mtulinga na kifundo cha mguu. Mwaka uliofuata alitwaa US Open katika uwanja wa Merion, akitembea kwa maumivu.

Babu hana kigoda. Ana fimbo tu, na somo lake ni la dakika tatu. Unaiweka mgongoni kwa urefu, iguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na kifandugu. Unasimama wima. Kisha unasukuma makalio nyuma, kama mtu anayefunga mlango wa gari huku mikono imejaa mizigo ya sokoni. Kiwiliwili kinainama chenyewe. Fimbo ikiachana na kisogo, umezamisha kichwa. Ikiachana na kifandugu, umejikunja mgongo. Ikibaki imegusa pote patatu, umepata.

Baada ya hapo mengine yanajipanga. Magoti yanaachiwa kidogo, si kuchuchumaa. Mikono inaning'inia kutoka mabegani kama kamba ya kisima, na inapoangukia ndipo pa kushikia fimbo, ili kati ya ncha ya mpini na mapaja ibaki nafasi ya kupitisha kiganja. Miguu inaachana kwa upana wa mabega kwa fimbo za kati, zaidi kidogo kwa draiva, fimbo ya kupigia mbali. Uzito unakaa katikati ya nyayo. Babu hupima kwa kumsukuma mtu begani kwa vidole viwili. Aliyesimama kwenye vidole vya miguu anapepesuka mbele, aliyekaa visiginoni anarudi nyuma, aliyejipanga vyema anamtazama tu.

Jambo moja wengi hulisahau. Mkono wa kulia unashika fimbo chini ya mkono wa kushoto, kwa hiyo bega la kulia lazima liwe chini kidogo ya lenzake, na uti wa mgongo ulale kidogo kuelekea kulia. Kichwa kinafuata mgongo, hakina safari yake peke yake. Kwa draiva, ambapo mpira huwekwa usawa wa ndani ya kisigino cha kushoto, kichwa hubaki nyuma ya mpira. Kwa fimbo fupi, mpira ukiwa katikati ya miguu, kichwa hukaribia kuwa juu yake. Anayetumia kushoto ageuze maneno haya.

Na macho je? Macho ndiyo yanayoshuka, kichwa kinabaki. Unautazama mpira kwa kuteremsha mboni, kama mtu mrefu anayeongea na mtoto bila kumwinamia. Kwetu anayeinamisha kichwa ni mwenye aibu au mwenye msiba. Mpira haujafiwa, na wewe hujauibia.

"Unasoma gazeti, bosi?"

Nimewasema wengine vya kutosha. Kwa karibu mwaka mzima mimi mwenyewe nilitambaza mipira bila kujua sababu. Nilifanya zoezi la fimbo mgongoni, nikafaulu. Nikitoa fimbo mgongoni na kuukabili mpira, kidevu kinarudi kifuani. Babu alinizunguka mara mbili, akainama kunitazama usoni kutoka chini, akacheka.

"Bosi, unapiga mpira au unasoma gazeti?"

Nilikuwa nimevaa miwani yangu ya kila siku, ile yenye sehemu mbili, juu ya kuonea mbali na chini ya kusomea. Mpira uko karibu mita moja na nusu kutoka machoni. Nikiteremsha macho kama inavyotakiwa, naangukia kioo cha kusomea, na mpira unakuwa wingu jeupe. Basi bila kufikiri nilikuwa nazamisha kichwa ili niupate mpira kupitia kioo cha juu. Shingo ilikuwa inafanya kazi ya miwani.

Nimegundua baadaye kwamba ni jambo la kawaida kwa watu wa umri wangu, na wanaovaa vioo vinavyobadilika polepole bila mstari wamo humohumo. Dawa yake haina ufundi mwingi: miwani ya pili yenye kioo kimoja cha mbali, ya uwanjani tu. Wengine huvua miwani kabisa, maana mpira haukimbii, ukishajua ulipo umemaliza. Wiki ya kwanza na miwani mpya, kidevu changu kilipanda chenyewe bila mtu kuniamuru. Nilijisikia mpumbavu na mwenye furaha kwa pamoja.

Kofia nayo ina hila yake. Ukingo mrefu ulioshushwa usoni humlazimisha mtu kuinama zaidi au kukaza shingo. Upandishe kidogo.

Mgongo unaweka hesabu

Kusimama vibaya hakuli mikwaju tu. Maumivu ya mgongo wa chini ni miongoni mwa malalamiko makubwa kabisa ya wacheza gofu, wa kulipwa na wa ridhaa. Seve Ballesteros, Mhispania aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978 na mwaka uliofuata akatwaa taji la The Open huko Royal Lytham, alisumbuliwa na mgongo kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya uchezaji. Tiger Woods aliunganishwa pingili za kiuno kwa upasuaji mwaka 2017, na Aprili 2019 akarudi kushinda Masters. Hawa walipiga mamilioni ya mipira kwa nguvu ambazo sisi hatuna, na hakuna anayeweza kusema mgongo wao uliumia kwa sababu moja. Lakini kama vyuma vya aina hiyo vilipinda, mgongo wa mhasibu unaokutana na gofu Jumamosi tu, baada ya siku tano za kiti, unastahili kuhurumiwa.

Walimu wa siku hizi huzungumzia makosa mawili ya umbo. Moja ni mgongo wa herufi C: mabega yamedondoka mbele, mgongo wa juu umejikunja, kichwa kimening'inia. Ni ugonjwa wa kiti na wa simu. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo tano, na mwenye kukipeleka mbele siku nzima kutazama kioo cha mkononi anafika uwanjani akiwa ameshapinda. La pili ni mgongo wa herufi S, la wale walioambiwa "nyoosha mgongo" wakazidisha: kiuno kimebonyea ndani na makalio yamebinuka kupita kiasi. Huyu anapendeza kwenye picha, lakini kiuno chake kimejifunga, na kikizungushwa hivyo kwa kasi hulalamika. Unyoofu unaotakiwa ni ule wa fimbo ya Babu: sehemu tatu zimegusa, basi, bila kujitutumua.

Kwenye grini, pale penye shimo, hesabu inabadilika kidogo. Kwa kuwa mkwaju wa pata, fimbo ya kusukumia mpira shimoni, ni mdogo na mabega hayazunguki sana, mtu anaruhusiwa kuinama zaidi, na walimu wengi hutaka macho yawe juu ya mpira au ndani yake kidogo. Ili kupima, jipange, kisha dondosha mpira wa pili kutoka kati ya macho yako uone unaangukia wapi. Lakini hapa ndipo kichwa kinapoteseka zaidi, kwa sababu shimo liko karibu, milimita 108 za matumaini, na roho inataka kuchungulia. Babu ana amri moja kwa mikwaju mifupi: "Usiuone, usikie." Unabaki umetazama mahali mpira ulipokuwa, na unangoja sauti yake ikidondokea shimoni. Siku isiyo na sauti inafundisha subira.

Kivuli kisicho na shingo

Nilimuuliza Babu alifundishwa na nani. Alinijibu kwamba alifundishwa na ndoo.

Utotoni kwao kisima kilikuwa mbali. Ukibeba maji kichwani juu ya ngata, alisema, unajifunza kwamba kichwa hakitulii kwa kukazwa. Ukikaza shingo maji yanamwagika. Ukiinama yanamwagika. Unakiacha kikae juu ya mgongo, halafu nyonga na miguu ndivyo vinavyocheza chini yake, vinapanda kilima, vinaruka mtaro, na ukiitwa unageuka mwili mzima. Alipoanza ukedi akawaona mabosi wakipiga, aliwagawa kimoyomoyo mafungu mawili: wanaofikisha maji nyumbani na wanaofika wamelowa. Wachezaji wetu wengi wa kulipwa, Tanzania, Kenya na Uganda, walianza wakibeba mifuko ya watu. Sidhani kama waliliona hilo kwa macho yaleyale, ila naamini mwili wao ulilijua.

Saa tatu sasa, jua limepanda nyuma ya migongo yetu. Bwana mwenye kofia nyeupe ametambaza mipira tisa. Kedi hamkosoi bosi mbele ya wenzake; kuna adabu yake. Babu anajiinua, anachukua ndoo ya mipira, anapita karibu naye kana kwamba ana safari nyingine, anasimama.

"Bosi, samahani. Hebu kitazame kivuli chako."

Bwana yule amejipanga tayari. Anatazama. Kivuli kimelala mbele yake juu ya majani, mabega mapana, na katikati yake kinundu kidogo kama chungu kilichofukiwa.

"Kivuli chako hakina shingo," anasema Babu, anaweka mpira mmoja juu ya kile kinundu, na kuondoka.

Bwana anabaki peke yake na kivuli. Anapandisha kidevu kidogo. Kinundu kinachomoza. Anasukuma makalio nyuma, mgongo unanyooka, kinundu kinakuwa kichwa na chini yake inaonekana shingo. Anausogeza ule mpira wa alama hadi katikati ya kichwa kipya. Anarudisha fimbo taratibu, anaona kivuli cha kichwa kimebaki juu ya mpira wakati mabega yanapita chini yake. Anarudia mara tatu bila kupiga. Mara ya nne anapiga.

Mpira unapanda. Hauendi kwenye mti alioulenga, unakata kulia kidogo, lakini unapanda, unakaa hewani muda wa kutosha kwa watu kuutafuta kwa macho, kisha unaanguka mbali karibu na kibao cha mita 150. Kwenye benchi pako kimya. Wanatazamana. Sentensi yao haina pa kukaa.

Mmoja wao ananyanyuka, anapangusa fimbo yake na taulo, anakuja kuchukua zamu. "Nipisheni niwaonyeshe," anasema. Anachomeka tii, anaweka mpira, anasimama, na kidevu chake kinashuka polepole hadi kifuani.

Babu, ambaye ndio kwanza amekaa, anaiokota tena ndoo yake.

"Bosi," ananiambia, "leo kazi ipo."